Kabla ya Jina

Jumanne jioni, ukumbi wa parokia, Dungannon.
Kipasha joto kinanguruma, hakipashi.
Wanaingia kumi na mmoja, wananukia sabuni ya kiwandani
na chini ya sabuni, nyama ambayo sabuni haikuiweza.
Naandika ubaoni: KIVUMISHI.
Nasema ndilo neno linalolivumisha jina,
bila hilo jina hukaa tu, kimya, kama kiti.

Nikawainulia mwavuli wangu. Uelezeni.
"Mwavuli mkubwa mweusi mbovu," akasema Zeferino.
Nikamgeuza kama mtu aliyevaa shati nyuma mbele:
Kiingereza hutanguliza sifa.
Kwanza unavyokiona, kisha ukubwa, kisha umri,
umbo, rangi, kilikotoka, kilichokiunda,
ndipo, mwisho kabisa wa foleni, mwavuli wenyewe.
"Nani aliwapanga?"
Miaka kumi na tisa nafundisha, sijui.
Nilizaliwa nikaikuta foleni imeshasimama.

"Kwetu Timor," akasema, "nyumba huingia kwanza,
halafu ndipo tuambiwe ni kubwa.
Ninyi mnatupa ukubwa gizani,
tunaushika, hatujui ni wa nini."
Wakacheka kwa Kitetum, nami nikacheka nyuma yao, nimechelewa kidogo.

Nikawapoza: lipo jambo moja rahisi.
Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki.
Mke au mume, mmoja au elfu,
hakivai sare ya mtu yeyote.
Domingas akaliandika. Domingas huandika kila kitu,
hata kikohozi changu, nadhani.

Kazi ya nyumbani: sentensi tano kuhusu familia.
Nilisahihisha jikoni, kalamu nyekundu, chai inapoa.
Binti yangu ni mrefu. Vema.
Nina kaka wawili wakali. Vema, Mungu awe naye.
Mume wangu amechelewa.
Amechelewa miaka minne.
Nikacheka. Peke yangu, kwa sauti,
nikaandika pembeni: Basi gani hilo?

Jumanne iliyofuata alisubiri wenzake wavae makoti.
Akafungua kamusi yake iliyochanika jalada,
akaweka kidole, kimepasuka kwa baridi ya chumba cha nyama,
juu ya neno la herufi nne.
Maana ya kwanza: aliyechelewa.
Maana ya tatu: marehemu.
Yeye alichukua ya tatu.
Mimi nilisoma ya kwanza.

Nikaanza kueleza, sauti ikitafuta pa kukaa.
Neno ni lile lile, Domingas, ila tazama limesimama wapi.
Likitangulia jina, mtu amekufa.
Likija nyuma, baada ya kitenzi,
mtu yuko njiani tu,
labda mvua, labda magari yamekwama barabara ya Moy.

Akaliangalia daftari.
Nikatoa kalamu nimchoree mshale,
ule niuchorao mara mia kwa mwezi,
unaolinyanyua neno kutoka nyuma na kulitua mbele.
Akaifunika sentensi kwa kiganja.

"Likikaa nyuma, bado anaweza kufika?"

Kisarufi, nikasema. Nikameza mate.
Kisarufi, ndiyo.

"Basi mwalimu, usilisogeze."

Gari la kiwanda likapiga honi, zamu ya usiku.
Akakimbia, koti halijafungwa vifungo.
Nikakaa na lile swali langu la basi,
nikalikwangua kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka,
na kupitia tundu nikaona ukurasa wa pili,
vivumishi vyote nilivyowapa mwezi uliopita,
vimenakiliwa kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea.

Mwavuli niliusahau kule ukumbini.
Nikatembea hadi garini nikilowa,
nikiisema mvua ile kwa utaratibu wangu mwenyewe:
mbaya, nyembamba, kongwe, ya kijivu, ya Tyrone,
nikafungua mlango, nikakaa, nikawasha taa,
na kwenye jina bado sijafika.